Dakika kumi hazimtoshi mtoto wa miaka minane

"Daktari, ninaandika kutoka Nyamasaria hapa Kisumu. Kijana wangu ana miaka 8, yuko gredi ya tatu, na hii ni shule yake ya tatu. Tangu PP2 hatulii. Anasimama katikati ya somo, anagonga wenzake, anararua vitabu, na kazi ya kunakili ubaoni haimalizi. Mwalimu anasema kuna wakati akimwita anamtazama tu kama hamwoni. Nyumbani nikimkataza kitu anawaka. Lakini Jumamosi akiwa na babu yake, ambaye ni fundi wa baiskeli, anaweza kukaa saa tatu akipanga spoki bila kumsumbua mtu. Hapo ndipo mama mkwe anasema mtoto hana ugonjwa wowote, ni mimi nimemdekeza, na baba yake akirudi kutoka Mombasa atamnyoosha. Alizaliwa salama. Akiwa na miaka miwili na nusu alilazwa kwa malaria, akapata degedege, akakaa karibu siku mbili hajitambui. Masikio yalikuwa yakitoa usaha akiwa mdogo, siku hizi ni mara mojamoja. Usiku anakoroma na kulala mdomo wazi. Mwezi uliopita shule ilisema nimpeleke akapimwe la sivyo nisimrudishe. Nilimpeleka kliniki moja, tukakaa na daktari kama dakika kumi, akasema ni ADHD na kuniandikia vidonge. Sijampa bado. Jirani mmoja anasema picha ya kichwa ndiyo itaonyesha ukweli, mwingine anasema niende Nairobi. Mtoto kama huyu anafaa kupimwa nini, na wapi? Na hizo dawa nimpe?"

Mama, asante kwa barua hii. Wengi huniandikia mistari miwili, "mtoto wangu ni mtundu sana, nifanyeje", nami nabaki kukisia. Wewe umenieleza mengi kuliko yanayoweza kusemwa kwa dakika kumi, na ndani yake kuna mambo manne ambayo kila moja peke yake lingenifanya niweke kalamu chini kabla ya kuandika dawa yoyote. Umeuliza maswali matatu, lakini naona la nne ambalo hukuliandika: kama ni wewe umemharibu. Nitalijibu pia, tukifika kwenye baiskeli.

Wewe ni mtu wa Kisumu, kwa hivyo utanielewa haraka. Tulipokuwa wadogo kila joto la mwili lilikuwa malaria. Mama anafika zahanati, anasema mtoto amechemka usiku kucha, anapewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Mara nyingi ilikuwa malaria kweli, kwa maana huku ziwani haijawahi kuwa haba, na ndiyo sababu hakuna aliyeona kosa. Aliyeumia ni yule mtoto mmoja ambaye joto lake lilikuwa nimonia, au homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na leo hata mhudumu wa afya wa mtaani humdunga mtoto kidole kabla ya kufungua pakiti ya dawa. Kwenye tabia za watoto bado tuko miaka ile ya nyuma. Hatulii? ADHD. Chukua vidonge.

Sisemi daktari wako amekosea. Huenda yuko sahihi. Ninachosema ni kwamba hakuwa na njia ya kujua. ADHD, yaani hali inayomfanya mtoto akose umakini na utulivu, ni hali ya kweli, inakadiriwa kuwapata watoto kama 5 katika kila 100 duniani, na inawatesa. Lakini haina kipimo cha damu wala picha. Inatambuliwa kwa masharti: dalili zisizopungua 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utundu na pupa, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi ziwe zilianza kabla ya miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, zimvuruge maisha, na, sharti ambalo husahaulika kuliko yote, pasiwe na jambo jingine linalozieleza vizuri zaidi. Nani alimuuliza mwalimu wake? Nani alimchungulia masikio? Kwa ugonjwa ambao hauna maabara, muda wenyewe ndio maabara. Mtoto kama wako, mimi huhitaji kumwona si chini ya mara mbili au tatu, na mara ya kwanza pekee hunichukua zaidi ya saa moja.

Sasa baiskeli. Mama mkwe wako ameona jambo la kweli na kulifasiri vibaya. Wazazi wengi hudhani umakini ni kama taa, ama inawaka ama imeharibika, kwa hivyo mtoto anayekaza spoki saa tatu hawezi kuwa na shida darasani, ni kiburi tu. Umakini hauko hivyo. Kila wakati ubongo unaamua ni kipi kati ya vitu vingi kinachostahili kushikiliwa, na kazi hiyo hufanywa zaidi na sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ikisaidiwa na kemikali kama dopamini ambayo ni kama humwambia mtu: hiki shikilia, kina faida. Spoki ina faida papo hapo. Ameikaza, gurudumu limenyooka, babu amesema "hapo sawa". Kunakili sentensi kumi kutoka ubaoni, faida yake iko wapi? Wewe na mimi tunaweza kujilazimisha. Mtoto mwenye ADHD hujilazimisha kwa shida kubwa, na ndiyo maana anaweza kung'ang'ania anachokipenda na kushindwa na asichokipenda, bila kuwa na kiburi hata kidogo.

Lakini tazama tena pale kwa babu. Ni kimya. Wako wawili tu. Kazi inaonwa kwa macho na kushikwa kwa mikono, haisikilizwi wala haisomwi. Mtoto asiyesikia vizuri angetulia hapo. Asiyejua kusoma angetulia hapo. Aliyechoka kwa kukosa usingizi angetulia hapo. Kwa hivyo ushahidi wa baiskeli unakubaliana na karibu kila kitu ninachokishuku, isipokuwa kudekezwa, kwa sababu mtoto aliyedekezwa tu hana subira ya gurudumu la baiskeli. Hilo ndilo jibu la swali lako la nne.

Nikienda na barua yako, kitu cha kwanza ningeshughulikia ni masikio. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara mara nyingi lina tundu kwenye kiwambo, na kiwambo chenye tundu hakitetemi vizuri. Likiziba, huenda maji yakabaki nyuma yake. Kwa njia zote mbili usikivu hupungua, lakini haupotei, na hapo ndipo watu hudanganyika. "Anasikia, daktari, hata nikifungua pakiti ya biskuti chumba kingine anakuja mbio." Ndiyo, anasikia biskuti. Anachokikosa ni sauti nyembamba za maneno, zile za s, f, t na sh, hasa akiwa nyuma ya darasa lenye watoto hamsini na mabati yanayolia mvua ikinyesha. Anapata nusu ya agizo. Anageuka kumtazama mwenzake aone anafanya nini, mwenzake anaona anaibiwa kazi, wanagombana, na jina linaloandikwa kwenye daftari la makosa ni la kijana wako. Anasimama katikati ya somo kwa sababu somo lilimwacha zamani.

Kukoroma kunaenda pamoja na hilo, pengine kwa sababu ileile. Nyuma ya pua kuna vinyama ambavyo kwa watoto wengine hunenepa hadi kuziba njia ya hewa, ndipo mtoto analala mdomo wazi. Vinyama hivyohivyo vinaweza kuubana mrija mdogo unaopeleka hewa kwenye sikio la kati, na sikio likakosa kupumua likajaa maji. Anayekoroma hivi usingizi wake hukatika mara nyingi usiku bila yeye wala wewe kujua. Mtu mzima asipolala vizuri husinzia kazini. Mtoto asipolala vizuri huongeza kasi: anarukaruka, analia ovyo, anawaka ukimkataza kitu. Ukiniletea mtoto kama huyo bila kunieleza habari za usiku, nami naweza kuapa kwamba ni ADHD. Daktari wa masikio, pua na koo ataangalia yote mawili kwa safari moja, na nimewaona watoto wakibadilika baada ya kutolewa vinyama hivyo mpaka majirani wakauliza wamepelekwa kwa mganga gani.

Halafu kuna ile kumtazama mwalimu kama hamwoni. Hapa nataka uwe mpelelezi. Kuna mtoto anayeota ndoto za mchana, na kuna mtoto anayepata kifafa kidogo kisichomwangusha. Wa kwanza ukimgusa bega anarudi. Wa pili ukimgusa harudi mpaka kipindi chake kiishe, mara nyingi baada ya sekunde 5 hadi 15. Anakatika katikati ya neno, pengine kope zinapepesa au mdomo unatafuna bila chakula, kisha anaendelea na mambo yake na hajui kwamba kuna kitu kilipita. Mtoto anaweza kupata vipindi hivyo mara nyingi kwa siku moja, na kila mara somo linamruka. Kwake ni kama redio inayozimwa na kuwashwa katikati ya taarifa ya habari. Mwombe mwalimu ajaribu kumgusa, si kumwita tu, maana mtoto mwenye shida ya masikio pia hataitika. Na yeyote atakayekuwa na simu karibu achukue video. Video ya sekunde kumi inanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Ninauliza hayo kwa makini zaidi kwa sababu ya ile malaria. Malaria ikipanda kichwani, chembe za damu zilizobeba vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, damu inapita kwa shida, ubongo unavimba, sukari inaweza kushuka, na degedege linakuja juu ya hayo yote. Wengi wanaopona hutoka hospitalini wakitembea na kucheka, familia inashukuru Mungu, na hakuna anayeambiwa arudi. Lakini tafiti zilizofanywa Kilifi, na nyingine Kampala, zimeona kwamba karibu mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria ya ubongo hubaki na athari fulani: kumbukumbu, lugha, umakini, tabia, au kifafa kinachojitokeza baadaye. Mara nyingi athari hiyo hufichika mpaka mtoto aanze shule, kwa kuwa nyumbani hakuna anayemtaka akae chini dakika arobaini. Wewe ulimpeleka akalazwa, akapona. Ulifanya lililopaswa kufanywa. Sasa ni kueleza historia hiyo kwa kila daktari utakayemwona, hata asipouliza, na usiseme tu "aliwahi kuugua malaria", kwa sababu huku kwetu nani hakuugua? Sema alikaa siku mbili hajitambui.

Nitakwambia kosa langu mwenyewe, ili usidhani ninawacheka wenzangu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililetewa mtoto wa miaka sita kutoka upande wa ziwani, hashikiki, anapanda meza, usiku halali. Nikajaza fomu, alama zikatosha, nikaandika ADHD na kumwanzishia dawa. Alizidi kuharibika. Aliyeniokoa ni muuguzi, aliyemuuliza mama swali ambalo mimi sikuliuliza: kuna dawa nyingine anameza? Alikuwa akinywa fenobabito kila jioni, dawa ya kifafa ambayo ni ya zamani, ya bei nafuu, na inayofanya kazi, ila kwa watoto wengine huwafanya wawe wakali na wasiotulia. Tulipoibadilisha polepole na kumpa nyingine, ile tabia ya kupanda meza iliondoka pamoja na fenobabito. Kwa hiyo siku ya kuonana na daktari beba kila kitu anachomeza, hata kile cha chupa isiyo na jina. (Na kama kuna mtoto anayetumia fenobabito katika nyumba ya yeyote anayesoma hapa, usiikatize leo usiku. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Rudi kwa aliyekupa.)

Kuhusu picha ya kichwa, jirani yako anakutakia mema, lakini CT haiwezi kuonyesha ADHD, wala usonji, wala ugumu wa kujifunza kusoma. Huonyesha uvimbe, damu iliyovuja, kovu kubwa, maji yaliyojaa kichwani, na humpitishia mtoto mionzi. Daktari akimkuta na dalili za neva, au kichwa kinamuuma asubuhi na kutapika, hapo itaombwa, pengine hata MRI. Kwa kijana wako kipimo ambacho huenda kikafaa, kutegemea video, ni kile cha umeme wa ubongo kinachoandikwa EEG. Hakina mionzi wala hakiumi. Nacho hakisemi yote: kinaweza kutoka safi na mtoto bado ana kifafa. Upande wa damu si mengi. Apimwe kiwango cha damu, kwa maana upungufu wa madini ya chuma nao huondoa umakini. Kama hajawahi kupimwa selimundu (sickle cell), apimwe. Ugonjwa huo ni wa kwetu huku magharibi, na unaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo kimyakimya, bila kupooza, dalili pekee ikiwa ni mtoto anayerudi nyuma shuleni. Macho yapimwe pia. Anayeshindwa kunakili ubaoni huenda hauoni ubao.

Jambo ambalo hata wataalamu wengi hulipita haraka ni kusoma. Jioni moja chukua kitabu cha gredi ya kwanza, umwambie akusomee kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Usimrekebishe, sikiliza tu. Mtoto wa gredi ya tatu asiyeweza kusoma sentensi fupi ameketi mahali ambapo anaaibishwa kila siku, na wapo watoto wanaoona heri kuitwa mkorofi kuliko kuitwa mjinga. Kurarua kitabu ni njia ya kumaliza somo.

Hapo hapo kuna mtego wa lugha. Nadhani nyumbani mnaongea Dholuo, mtaani Kiswahili, na mtihani unakuja kwa Kiingereza. Vipimo vingi vya akili tunavyotumia vilitungwa Ulaya na Marekani, na viwango vyake vilipimwa kwa watoto wa huko. Nimemwona mtoto akikatwa alama kwa kushindwa kutaja picha ya kifaa cha kusafishia zulia, ilhali kwao hakuna zulia. Kwa hivyo ukipewa karatasi yenye namba ya akili ya mtoto wako, uliza alipimwa kwa lugha gani na nani alimtafsiria. Akikosa jibu, hiyo namba usiipeleke shuleni. Ikishaingia kwenye faili la mwalimu mkuu haitoki.

Uende wapi? Nairobi hapana, si sasa. Anza na kituo cha EARC, ambacho ni kituo cha serikali cha kutathmini watoto na kuwaelekeza kielimu. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 na viko chini ya Wizara ya Elimu; mwalimu mkuu wako au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu. Huko utakutana na walimu waliosomea kazi hiyo. Wataangalia usikivu, macho na masomo kwa kiwango cha kwanza, na watakuandikia barua ya kwenda hospitali na ya kwenda shuleni. Hawatoi dawa, na EARC peke yake haitoshi kusema mtoto ana kifafa au hana. Ni mlango tu, lakini ni mlango ambao shule inauheshimu, na hilo litakutulizia yule mwalimu mkuu kwa muda.

Kisha hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Russia. Faida ya hospitali kubwa ya rufaa ni kwamba daktari wa watoto, wa masikio, wa akili na mtaalamu wa tiba kazi wako uwanja mmoja. Hasara yake unaijua, foleni. Anzia kwa daktari wa watoto, umwombe yeye ndiye awe mwenye faili, la sivyo utazunguka kwa wanne na hakuna atakayeunganisha habari. Wakiona kuna jambo linalohitaji mtaalamu zaidi, watakuelekeza hospitali ya Moi kule Eldoret kabla ya kufikiria Nairobi. Ukiamua kwenda kwa mtu binafsi, piga simu kabla ya kulipa, uulize: utazungumza na mwalimu wake? Mtoto utamwona mara ngapi? Nitapewa ripoti iliyoandikwa, na utanieleza? Anayekasirishwa na maswali hayo amekuokolea pesa zako. Na tafadhali, ukikutana na mtu anayemshikisha mtoto chuma mkononi, kompyuta ikatoa kurasa ishirini za "chakapu ya mwili mzima" pamoja na ubongo, pita na njia yako. Mashine ile haipimi kitu.

Sasa vidonge. Hukuitaja dawa, lakini inayoandikwa zaidi kwa ADHD ni methilifenidati, basi nisemee hiyo. Si sumu, haimfanyi mtoto zuzu, na haimwingizi kwenye ulevi akitumia alivyoandikiwa. Kwa mtoto mwenye ADHD ya kweli, ni miongoni mwa dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi katika tiba ya watoto: ile ya muda mfupi huanza kusaidia ndani ya saa moja na kuisha baada ya kama saa nne. Nimewaona watoto wakiandika ukurasa mzima kwa mara ya kwanza. Upande wa pili, hupunguza hamu ya chakula, inaweza kuchelewesha usingizi, hupandisha mapigo ya moyo kidogo, na inataka mtoto apimwe uzito, urefu na presha kila mara. Na haizibui sikio, haifundishi kusoma, haiondoi vinyama puani. Mtoto ambaye tayari halali vizuri, na ambaye huenda ana kifafa ambacho bado hakijachunguzwa, mimi singemwanzishia wiki hii. Kifafa hakifungi mlango kabisa, ila kijulikane kwanza. Weka karatasi ya dawa mahali salama. Miezi miwili ijayo huenda ukaihitaji, na utaimeza bila mashaka, kwa maana utajua kwa nini. Naam, yeye ndiye atakayeimeza, lakini anayeimeza kwa moyo ni mama.

Wakati mnangoja, mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na mlango, upande ambao sikio lake zuri linamwelekea mwalimu. Ampe agizo moja, fupi, akimtazama usoni, na kila baada ya robo saa amtume jambo: afute ubao, apeleke madaftari ofisini. Kufuta ubao ni dawa pia. Nyumbani, lile unaloweza kuliruhusu liruhusu mapema, na lile unalolikataa likatae kwa maneno machache, bila hotuba. Akiwaka, ngoja apoe ndipo mzungumze.

Na kiboko? Shuleni ni kosa la kisheria, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36. Sheria hiyo pia hairuhusu shule kumtupa nje mtoto kwa uamuzi wa mwalimu mmoja, kwa hivyo ile "la sivyo usimrudishe" ijibu kwa upole na barua ya EARC mkononi. Nyumbani ni mazungumzo yako na baba yake. Ningekuwa wewe singengoja arudi kutoka Mombasa. Mpigie, msomee haya kuhusu masikio, umuulize kama yeye pia alikuwa hivi utotoni. ADHD hurithiwa sana, na mara nyingi baba anayetaka kumnyoosha mtoto alinyooshwa yeye mwenyewe kwa jambo lilelile na anakumbuka vizuri kwamba halikunyooka. Mama mkwe naye mwombe aje nawe kliniki. Bibi akisikia kwa masikio yake kutoka kwa daktari, vita nyumbani hupungua nusu. Akitaka kumwombea mtoto, aombe. Lakini asifungishwe kula, na asipelekwe mahali anapofungwa kamba au kupigwa ili kitu kimtoke.

Haya mengine hayangoji miadi. Degedege linalozidi dakika 5, au linalorudi kabla hajazinduka, ni hospitali saa hiyohiyo. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yanayoleta kutapika, jicho lililoanza kwenda upande, mguu unaokokota, maneno aliyoyajua yakipotea, mpeleke siku hiyo. Akisema anataka kufa, hata kwa hasira, usimwambie anyamaze, kaa naye umuulize, kisha mtafute daktari. Na kama tabia yake ingebadilika ghafla, jambo ambalo silioni katika barua yako, ningekuuliza kuna nani mpya katika maisha yake na kama kuna mtu anayemuumiza. Kwa hilo simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Wiki hii usikimbie huku na huku. Tafuta kile kitabu chake cha kliniki, kina uzito wake wa kuzaliwa, chanjo na pengine maandishi ya ule wakati alipolazwa. Kama karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali bado ipo chini ya godoro, itoe. Chukua daftari zake mbili, ya masomo anayoyachukia na ya kuchora. Rekodi kukoroma kwake usiku mmoja. Mwombe mwalimu aandike nusu ukurasa kwa mkono wake, si "ni mtundu" bali anafanya nini, saa ngapi, baada ya nini. Sikio likiwa linatoa usaha siku hiyo usilisafishe kwa unyoya wala usimtie mafuta, liache daktari alione. Na umpeleke asubuhi, akiwa amelala na ameshiba uji, maana hakuna mtoto anayepimika vizuri saa nane mchana akiwa na njaa kwenye benchi la hospitali.